Malori ya Kanada katika Vita Kuu ya Pili: Yalivyoundwa na Yanavyotambuliwa

Kati ya mwaka 1940 na 1945 viwanda vya Kanada viliunda zaidi ya magari 800,000 kwa ajili ya vita. Takriban nusu yake yalikuwa malori ya ukoo mmoja, yenye pua fupi iliyobonyea na usukani upande wa kulia, ambayo nyaraka za jeshi ziliyaita magari ya Muundo wa Kijeshi wa Kanada, kwa kifupi CMP. Kanada ya wakati huo ilikuwa na watu wasiofika milioni 12, na viwanda vyake vikubwa vya magari vilikuwa matawi ya kampuni za Marekani. Hata hivyo lori la CMP halikufanana na lori lolote la Kimarekani. Lilichorwa kwa masharti ya Waingereza, likapewa injini za Kimarekani, likaundwa na mafundi wa Ontario, na mara nyingi likaunganishwa na watu wa nchi ya nne kabisa. Ndiyo maana kulitambua lori moja la aina hii, kujua ni la mwaka gani, kiwanda gani na kazi gani, ni shughuli inayohitaji kujua kwanza lilivyozaliwa.

Mwanzo wake ni mapema mwaka 1937. Wizara ya Ulinzi ya Kanada iliziomba Ford ya Windsor na General Motors ya Oshawa, kila moja kivyake, kuunda lori la mfano la askari wa miguu, kwa kufuata lori jepesi ambalo jeshi la Uingereza lilikuwa limelikubali muda mfupi kabla. Kanada ilitarajia kwamba vita ikija itapigana bega kwa bega na Uingereza, kwa hiyo haikuwa na maana kuwa na lori ambalo fundi wa Kiingereza asingelielewa. Mifano ilijaribiwa kambini, na kufikia 1938 wanajeshi wakaanza kuvutiwa na malori mazito zaidi, hasa yale ambayo injini husukuma magurudumu yote. Mwaka 1939 michoro ya uzalishaji mkubwa ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mnunuzi.

Mnunuzi alipatikana Juni 1940. Jeshi la Uingereza lililoondolewa kwa meli kutoka Dunkirk liliokoa watu wake wengi lakini liliacha Ufaransa karibu magari 64,000. Viwanda vya Uingereza vyenyewe, Bedford, Morris, Austin na vinginevyo, visingeweza kuziba pengo hilo kwa muda mfupi huku vikidaiwa pia vifaru na ndege. Oda zikavuka Atlantiki. Ford na General Motors, washindani wa jadi sokoni, walijikuta wakiketi meza moja na kuunda lori ambalo kwa nje lilikuwa moja. Kabini, magurudumu na bodi za mizigo viliundwa kwa vipimo vya pamoja. Injini na gia boksi kila mmoja alibaki na zake, na tofauti hiyo ndogo imewapa kazi watambuzi wa magari hadi leo.

Umbo la lori lilitokana na hesabu za melini na barabarani. Waingereza walitaka gari fupi, kwa sababu nafasi ndani ya meli ilikuwa adimu kuliko chuma, na kwa sababu msafara wa malori mafupi huchukua urefu mdogo wa barabara. Wakati huohuo walitaka sehemu ya mizigo isipungue. Njia pekee ilikuwa kumsogeza dereva mbele mpaka akae karibu ubavuni mwa injini. Injini za Amerika ya Kaskazini zilikuwa kubwa, hivyo sehemu yake iliingia ndani ya kabini, katikati ya dereva na mwenzake, ikifunikwa kwa bati. Madereva walilipia uamuzi huo kwa joto na kwa kukosa mahali pa kuweka miguu. Kwa macho ya leo, kabini ya CMP ni mojawapo ya kabini zilizobuniwa bila kumfikiria sana mtu wa kuikalia, na marekebisho yake yote ya baadaye yalikuwa ni kumrudishia dereva nafasi aliyonyang'anywa mwanzoni.

Utambuzi huanza na jina, na jina la CMP lina mantiki inayosomeka. Herufi ya kwanza ni kampuni: F kwa Ford, C kwa Chevrolet, tawi la General Motors lililobeba jukumu hilo. Tarakimu zinazofuata ni uzito ambao lori liliruhusiwa kubeba, ukihesabiwa kwa kizio cha zamani cha Waingereza chenye ratili 112, yaani karibu kilo 51. Kwa hiyo C8 ni Chevrolet ya vizio 8, kiasi cha kilo 400. F15 ni Ford ya vizio 15, karibu kilo 760. 30 ni tani moja na nusu. Na 60 ni tani 3, kwa kuwa tani ya Kiingereza ina vizio 20. Uzito huo ulikuwa ni wa kanuni, wala haukuwa mwisho wa uwezo. Vitani malori yalibeba zaidi, na aliyeyapima kwa macho angeweza kukosea daraja.

Baada ya tarakimu huja herufi ya mwisho, na hapo ndipo wasomaji wengi hupotea. Katika daraja la 15, herufi A inaonyesha kwamba magurudumu yote manne yanasukumwa na injini: F15 inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, F15A ni fowili kamili. Katika daraja la 30 na la 60 herufi hiyo haipo, kwa sababu malori yote ya CMP ya magurudumu manne ya madaraja hayo yalikuwa fowili tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuyatofautisha. Daraja la 60 lina S na L badala yake: S kwa chesisi fupi, ambapo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 134, na L kwa chesisi ndefu, inchi 158. Malori madogo ya daraja la 8 na la 15 yote yalikaa kwenye inchi 101. Mtu mwenye futi kamba anaweza kumaliza nusu ya kazi ya utambuzi bila kufungua boneti, na kipimo hicho kina faida moja juu ya alama nyingine zote: hakuna aliyejisumbua kukighushi.

Kuna mitego. C8 na C8A zinatofautiana kwa herufi moja tu, lakini ni magari mawili yasiyofanana. C8 ni kilori kidogo cha wazi cha magurudumu mawili ya kusukuma. C8A ni gari la fowili lenye bodi ya chuma iliyofungwa nyuma, lililotumika kubebea maofisa, redio au majeruhi. Mtego wa pili ni Dodge. Tawi la Chrysler la Windsor liliunda malori ya kiraia yaliyorekebishwa kwa ajili ya jeshi, yakapewa majina kwa mtindo uleule: D15, D60S, D60L. Anayejua kwamba F60 na C60 ni fowili ataelekea kudhani D60 nayo ni hivyohivyo. Sivyo. Dodge hiyo ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na pua yake ndefu ya kawaida inaonyesha wazi kwamba haimo katika ukoo wa CMP. Jina lilifuata kanuni ya CMP, chuma hakikufuata.

Malori maalumu yalitoka nje ya mpangilio huu. Gari la kukokota mizinga liliitwa FGT likiwa la Ford na CGT likiwa la Chevrolet. Lilikaa kwenye chesisi fupi ya inchi 101, mgongo wake ukiwa umeinama kama wa kobe, ndani kukiwa na nafasi ya kikosi cha mzinga na risasi zake, na winchi ya kujinasua matopeni. Kazi yake kuu ilikuwa kuvuta mzinga wa ratili 25, silaha ya kawaida ya wapiga mizinga wa Jumuiya ya Madola. C60X, kwa upande wake, ilikuwa na ekseli tatu zote zikisukumwa, na ndiyo Chevrolet ya CMP iliyopewa injini kubwa kutoka GMC.

Alama ya pili baada ya jina ni kabini, na ndiyo inayotoa tarehe. Kulikuwa na kabini tatu kuu, zilizopewa namba 11, 12 na 13. Namba 11, ya mwaka 1940, ina boneti ya vipande viwili, na wavu unaokinga rejeta ni sehemu ya boneti yenyewe. Namba 12, ya mwaka 1941, kwa mbali inaonekana ni ileile, lakini wavu umebaki mahali pake na boneti hufunguka juu yake kwa kipande kimoja. Mabadiliko haya yalikuja baada ya mafundi kulalamika, na si vigumu kuelewa kwa nini: kazi ndogo ya injini haikupasa kuhitaji kuvunja uso mzima wa gari. Namba 13, iliyoanza mwishoni mwa 1941 na kuendelea hadi mwisho wa vita, ilichorwa upya kabisa. Ni ya chuma kitupu, ina nafasi zaidi ya miguu, na vioo vyake viwili vya mbele vimeegemea kwa namna isiyo ya kawaida, juu vikitangulia mbele na chini vikirudi nyuma. Mwegamo huo ulikusudiwa kupeleka mng'ao wa jua ardhini badala ya angani, ambako rubani wa adui angeuona kutoka maili nyingi. Baadaye kabini hiyohiyo ilipata toleo la paa la turubai, namba 43, lililopunguza kimo cha lori wakati wa kusafirishwa.

Basi picha ya lori lenye kioo kilichoinama mbele haiwezi kuwa ya Dunkirk wala ya vita vya Libya vya mwaka 1940, hata maelezo chini yake yaseme nini. Kanuni hii peke yake imesahihisha vitabu vingi. Lakini haifanyi kazi kinyumenyume: kabini ya namba 11 ingeweza kupigwa picha mwaka 1945, kwa kuwa malori yaliyoundwa mapema hayakutupwa, yalitengenezwa na kurudishwa barabarani.

Kati ya Ford na Chevrolet, jibu la uhakika liko chini ya boneti. Ford ilitumia injini yake ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ya ujazo wa lita 3.9 na nguvu za farasi 95. Chevrolet ilitumia silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3.5 na nguvu za farasi 85. Kwenye karatasi Ford ina nguvu zaidi, lakini ya Chevrolet ilisifiwa kwa kutumia petroli kwa adabu. Sauti pia hutofautiana: dereva mzoefu aliweza kujua lori linalokuja kabla halijakata kona. Mtazamaji wa picha hana sauti wala boneti iliyofunguliwa, kwa hiyo mara nyingi hulazimika kukiri kwamba lori alilo nalo ni CMP ya tani 3 na kuishia hapo.

Mahali lori lilipounganishwa ni swali jingine. Malori mengi hayakuondoka Kanada yakiwa mazima. Yalifungwa vipande vipande katika makreti ya mbao, kwa kuwa lori lililofumuliwa huchukua sehemu ndogo ya nafasi ya lori zima, na manowari za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli kwa kasi iliyoifanya kila futi ya ghala la meli kuwa na bei. Viwanda vya kuunganisha vilikuwa Uingereza, Misri, India, Afrika Kusini na Australia. Kila mahali pakaongeza mkono wake. Bodi za mbao ziliundwa kwa mbao za hapohapo, kabini nyingine zikakatwa paa, na chesisi nyingine hazikuwa malori tena. India iliweka miili ya chuma kinene juu ya chesisi za Ford na kupata magari ya deraya ya muundo wa Kihindi. Afrika Kusini, isiyo na kiwanda cha kuunda gari tangu mwanzo hadi mwisho, ilichukua chesisi za Ford kutoka Kanada, mfumo wa kusukuma magurudumu yote kutoka kampuni ya Kimarekani ya Marmon-Herrington, mabati mazito kutoka viwanda vyake vya chuma na silaha kutoka Uingereza. Gari la deraya lililotokana na muungano huo likapewa jina la mchangiaji mmoja tu, Marmon-Herrington, na msomaji asiyejua hudhani lilitoka Marekani likiwa kamili.

Magari hayo ya Afrika Kusini yalipita Kenya. Februari 1941 majeshi yaliyokuwa chini ya Jenerali Alan Cunningham, wakiwemo askari wa King's African Rifles, wa Afrika Magharibi na wa Afrika Kusini, yalivuka mpaka kuingia Somalia iliyokuwa chini ya Italia. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na tarehe 6 Aprili yakaingia Addis Ababa. Mwendo wa namna hiyo, katika nchi isiyo na reli sehemu kubwa ya njia, uliwezekana kwa malori tu, na mbele ya kila kikosi swali lilikuwa ni kama petroli na maji vitafika. Vita hivyo na vilivyofuata viliongeza sana idadi ya madereva na makanika wa Kiafrika. Kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki kilifunza vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland kuendesha na kutengeneza malori. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikiteremka bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin wakati wa masika ya huko, katika matope ambayo lori lisilo fowili lisingekuwa na maana yoyote.

Jangwani, Afrika ya Kaskazini, kuna mfano unaoonyesha vizuri ugumu wa kutambua. Kikosi cha doria za mbali kilichoanzishwa na Ralph Bagnold mjini Cairo mwaka 1940 kilianza na Chevrolet za kiraia za tani moja na nusu, zenye kusukumwa nyuma tu. Mapema 1941 kilipewa Ford F30, CMP halisi ya fowili. Ilionekana ni hatua mbele, na kwa chuma ilikuwa hivyo. Lakini F30 ilikuwa nzito na ilikunywa petroli mno, na kwa doria inayobeba mafuta yake yote mgongoni kwa mamia ya maili, kila galoni ya ziada ilikuwa chakula au risasi zilizoachwa nyuma. Mwaka 1942 kikosi kilirudi kwenye Chevrolet, mfano wa 1533X2, nao ukiwa umeundwa Kanada lakini ukiwa lori la kawaida lililorekebishwa, lenye kusukumwa nyuma tu. Walipima kazi iliyokuwa mbele yao, wakaacha fowili.

Kwa mtambuzi, shida ni kwamba kikosi hicho kilikata karibu kila kitu ambacho vitabu huelekeza kutazama. Paa na milango viliondolewa, kioo kikabaki vipande vidogo, na kwenye F30 hata wavu wa mbele na boneti viliachwa ili rejeta ipate upepo. Lori lisilo na kabini haliwezi kutambuliwa kwa kabini. Kinachobaki ni chini: difu inayoonekana kwenye ekseli ya mbele inasema F30, na ekseli ya mbele iliyo nyembamba isiyo na difu inasema 1533X2 au Chevrolet ya awali. Picha nyingi za jangwani zilizoandikwa jina lisilo sahihi zingeweza kurekebishwa kwa kutazama kati ya magurudumu mawili ya mbele.

Kanuni za majina za nchi nyingine zilikuwa na mantiki yake. GMC ya Marekani, lori la tani mbili na nusu lililoundwa zaidi ya 560,000, liliitwa CCKW. Herufi ya kwanza ni mwaka wa usanifu, 1941. Ya pili ni kabini ya kawaida iliyo nyuma ya injini. K inasema ekseli ya mbele inasukumwa. W inasema ekseli mbili za nyuma zinasukumwa. Toleo lisilo na msukumo wa mbele likawa CCW, K imeondoka tu. Mpangilio huohuo wa herufi ndio ulioipa jina DUKW, lori la majini na nchi kavu, ambalo si neno lenye maana bali ni orodha ya vifaa. Kwa CCKW, tarakimu 352 na 353 zilitenganisha chesisi fupi na ndefu. Ndani ya CCKW kulikuwa na tofauti ambayo jina halikuisema: baadhi ya malori yalipewa ekseli za kampuni ya Timken na mengine ekseli za Chevrolet, na spea za aina moja hazikuingia kwenye nyingine. Fundi wa ghala la spea alilazimika kuinama na kutazama umbo la nyumba ya difu kabla ya kutoa kitu.

Bedford ya Uingereza, jina lililozoeleka barabara za Afrika Mashariki kwa miaka mingi baada ya vita, ilitumia herufi mbili za chesisi na moja ya kazi. QL ilikuwa fowili ya tani 3. QLD ni ya mizigo ya kawaida, QLT ya kubeba askari, QLR ya redio. Ujerumani nayo, kwa mpango wa Kanali Adolf von Schell, ilijaribu kupunguza aina za malori kutoka 114 hadi 19, lakini jeshi lililokuwa likiteka magari Ulaya nzima halikuweza kuwa na aina chache. Opel Blitz ya tani 3 iliandikwa S ikiwa ya kawaida na A ikiwa ya fowili. Daimler-Benz pia iliagizwa kuiunda Blitz hiyo, ikaitwa L 701, ikiwa na kabini ya mbao na mbadala wa mabati kwa kuwa chuma kilikuwa kimeadimika. Kwa jinsi hiyo kuna Opel zilizotoka mikononi mwa Daimler-Benz. Mkanganyiko ukaongezwa na Waaustralia, ambao hadi leo huiita CMP ya Kanada "Blitz", jina lisilo na uhusiano wowote na Opel.

Rangi na namba zilizopakwa ubavuni husaidia, ila kwa tahadhari. Jeshi la Uingereza liliandika herufi moja mbele ya namba ya usajili: L kwa malori makubwa, Z kwa malori madogo yasiyofika tani moja, M kwa magari madogo, A kwa ambulensi, H kwa magari ya kukokota. Jeshi la Kanada liliongeza C mbele, kwa hiyo CZ ni lori dogo la Wakanada na CL ni kubwa. Wamarekani hawakutumia herufi hizo. Namba zao za boneti zilianza na tarakimu ya daraja, na 4 ilikuwa ya malori ya tani mbili na nusu hadi nne na nusu. Duara la manjano mbele lenye namba nyeusi halisemi lolote kuhusu aina ya gari wala kikosi. Ni uzito wake kwa ajili ya walinzi wa madaraja. Nyota nyeupe, iliyoenea kuelekea kutua Normandy mwaka 1944, ilikuwa alama ya Washirika wote, na mtu anayeona nyota na kuhitimisha kwamba lori ni la Kimarekani hukosea mara nyingi. Namba zilihama pia, kwa kuwa gari lililobadilishiwa jeshi lilisajiliwa upya.

Ushahidi mzito zaidi ni namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi na kibati kilichopigiliwa ndani ya kabini. Kibati kilitaja mfano, namba ya mfululizo na kiwanda. Lakini kibati hushikwa na skrubu chache tu. Baada ya vita malori ya CMP yaliuzwa kwa wakulima, wakata magogo na makampuni ya ujenzi, au yalipewa majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yakijengwa upya, Uholanzi na Norway miongoni mwao. Wamiliki wapya walifanya kama mwenye gari popote anavyofanya: walitoa injini ya lori bovu wakaitia kwenye zima, wakafunga kabini ya namba 13 juu ya chesisi ya 1940, wakafupisha, wakarefusha. Kwa kuwa Ford na Chevrolet zilishirikiana kabini, magurudumu na bodi, hakuna kilichozuia Chevrolet kuvaa uso wa Ford. Hata rimu, zilizoundwa kwa vipande viwili vilivyokazwa kwa nati, zilihama kutoka lori moja hadi jingine, pamoja na hatari yake: kufungua nati hizo wakati tairi lina upepo kuliweza kuua.

Mpangilio unaofuatwa na watambuzi makini kwa hiyo huanzia chini kwenda juu. Kwanza namba ya chesisi na umbali wa ekseli, kisha ekseli zenyewe na difu, kisha injini, kisha kabini, kisha bodi, na rangi mwisho kabisa. Vyote vikikubaliana, lori linaweza kuandikwa kwa jina kamili: kwa mfano Chevrolet C60L, kabini namba 13, bodi ya mizigo ya kawaida. Visipokubaliana, chesisi ndiyo inayopewa jina, na vilivyobaki huorodheshwa kama vilivyoongezwa baadaye.